Kava za viatu za baiskeli msimu wa baridi: zipi hazipitishi maji kweli?

MtotoWaMakorora (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Niko Copenhagen, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Kazi yenyewe ni ya baiskeli: unatoka kwa mzee huyu unakwenda kwa yule, mvua inyeshe isinyeshe. Kiangazi ni raha tupu, mtu analipwa kutembezwa na upepo. Lakini tangu Novemba miguu inanitesa. Huku juu nimejikamilisha, koti la mvua ninalo, suruali ya mvua ninayo, glavu zipo. Tatizo ni kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini. Navaa raba za kawaida, na nikifika nyumba ya tatu soksi zimeshalowa na vidole sivisikii.

Wenzangu kazini wananiambia ninunue kava za kuvalia juu ya viatu. Nimeingia dukani nimekuta aina chungu nzima. Kuna za mpira mnene zinazobana mguu, kuna za kitambaa cha koti la mvua, kuna zenye tundu chini, kuna zinazofunika vidole tu. Bei kuanzia krona 200 na kitu hadi zaidi ya 700. Muuzaji akaniuliza natumia pedeli gani, nikabaki namtazama.

Jambo jingine muhimu: kila nyumba ninayoingia lazima nivue viatu au nivae vile vifuniko vya plastiki vya buluu. Kwa hiyo kitu cha kuhangaika nacho mlangoni dakika tano hakinifai. Nani anazitumia, na ni zipi? Naomba majibu ya waliozivaa, si ya waliozisoma.

---

NyangumiWaMzizima

Huku Dar tumevua mashati, feni iko namba tano na bado tunajipepea kwa gazeti, halafu kuna mtu anaulizia nguo za kuvalisha viatu. Dunia hii bwana. Ngoja waje wajuzi, mimi nimekaa siti ya nyuma nasoma tu.

---

FundiSpoku

Dada karibu chamani. Mimi ni fundi baiskeli hapa Utrecht, na kabla hujatoa hata krona moja nakuomba uikague kwanza baiskeli. Ina madigadi ya mbele? Yanashuka mpaka wapi?

Watu wengi wanadhani maji ya miguuni yanatoka mawinguni. Mengi yanatoka kwenye gurudumu lako la mbele. Linachota maji barabarani na kukurushia vidoleni kila linapozunguka, hata kama mvua imekatika saa nzima iliyopita. Kama madigadi yako yanaishia juu juu, kata kipande cha dumu la maziwa au cha tyubu kuukuu, toboa matundu mawili, kifunge kwenye ncha ya chini ya madigadi kining'inie hadi kibakie kama upana wa kiganja kutoka ardhini. Gharama yake ni kunywa maziwa. Nimewafungia watu kitu hicho wakarudi kuniambia wameahirisha kununua kava.

Sasa tuje kwenye kava. Yule muuzaji alikuuliza swali la maana. Kuna viatu vya baiskeli vyenye kipande cha chuma chini kinachojifunga kwenye pedeli. Kava zenye tundu chini ni za viatu hivyo, ili kile chuma kitokeze. Wewe na raba zako ukivaa hizo utakuwa umelipia tundu. Unayotaka ni yenye soli nzima.

Vitambaa viko vya namna tatu hivi.

Neoprini ndiyo ile ya nguo za wapiga mbizi. Ni mpira wenye vipovu vya hewa ndani, na kwa kava unene wake mara nyingi ni milimita 3 hadi 5. Haikuahidi ukavu, inakuahidi joto hata ikilowa, maana ile hewa imefungiwa humo na maji hayaifukuzi. Inabana. Kuivaa ni mieleka, na kuivua vidole vya mikono vikiwa vimekufa ganzi ni raundi ya pili.

Halafu kuna kitambaa chenye utando, mfano Gore-Tex. Mwaka 1969 Bob Gore aligundua kwamba teflon ikivutwa kwa ghafla inafanya vitundu vidogo mno, mvuke wa jasho unapita na tone la maji halipiti. Kava za namna hii zinazuia mvua na upepo vizuri sana, ila zenyewe hazina joto, joto unalileta wewe na soksi zako. Geuza ndani uangalie mishono. Kama haijabandikwa utepe, kila tundu la sindano ni mlango wa maji, hata lebo iwe imeandikwa nini.

Mwisho kuna nailoni au poliesta iliyopakwa plastiki kwa ndani. Haipitishi maji na jasho nalo halina pa kutokea, lakini bei yake inavumilika. Nyingi za aina hii zimeshonwa pana, zina soli nzima yenye meno, na zinafungwa kwa velkro, ule utepe wa kunasana, nyuma ya kisigino. Kwa kazi yako mimi ningekwenda moja kwa moja huku.

Na usisahau: suruali ya mvua ishuke NJE ya kava. Ukiichomeka ndani, maji yote ya mapajani yanateremka na kuingia kiatuni, halafu unalaumu kava.

---

MtotoWaMakorora

Fundi Mungu akubariki. Nimekwenda kuangalia, baiskeli ni ya kazini, pedeli ni bapa za kawaida, na madigadi ya mbele yanaishia karibu nusu ya gurudumu. Na ndiyo, suruali nilikuwa nachomeka. Kumbe.

---

MpandaVilima

Fundi nakuheshimu, lakini hapo kwa neoprini umeidharau kidogo. Mimi niko Sheffield, Uingereza, wikendi naendesha saa tatu nne huko kwenye vilima vya Peak District, na kwa mvua ya huku niwaambie ukweli: hakuna kava inayokuacha mkavu. Hakuna. Mvua ikikunyeshea saa nzima maji yatashuka na mguu wako mwenyewe, yatapita kwa shingo ya kava, yatafika. Ile ya utando ikishaingiza maji juu inayaweka pale chini kama karai, sasa unapiga pedeli miguu ikiwa ndani ya maji baridi. Maji yanatoa joto mwilini kama mara 25 kuliko hewa. Na neoprini je? Maji yanaingia kidogo, mguu unayapasha, hayabadilikibadiliki kwa sababu imebana, unamaliza safari vidole viko hai.

Kwa hivyo swali sio gani haipitishi maji. Swali ni ukishalowa, nani atakupa joto?

Kitu kingine cha wenye viatu vya kujifunga. Baridi nyingi inaingilia chini, kwa yale matundu ya skrubu na kwa kile chuma chenyewe. Toa soli ya ndani, ziba matundu kwa utepe mzito wa gundi, rudisha soli, na ukipata ile ya manyoya ya kondoo uweke hiyo. Nimeona watu wananunua kava ya bei ghali na upepo unawapulizia kutoka chini.

---

FundiSpoku

MpandaVilima amesema:
> Swali sio gani haipitishi maji. Swali ni ukishalowa, nani atakupa joto?

Kwa safari yako nakubaliana na wewe asilimia mia. Lakini wewe unavaa asubuhi unavua mchana, basi. Dada anavua na kuvaa kila baada ya nusu saa, na kila safari yake ni ya dakika kumi, labda kumi na tano. Maji hayajapata muda wa kushuka na mguu, ameshafika kwa mzee mwingine. Halafu fikiria anavuka kizingiti cha mtu na neoprini iliyonyonya maji, inachuruzika kwenye zulia. Jioni aitundike, kesho saa kumi na mbili asubuhi bado mbichi, aingize mguu humo.

Hapa Uholanzi naulizwa maswali ya "ipi bora" kila siku, na huwa nawauliza watu jambo moja tu kabla ya yote: kwa siku unavua mara ngapi? Mwanafunzi anayekwenda chuo na kurudi, mpeleka chakula, mpanda vilima, mama mwenye watoto wawili kwenye baiskeli ya sanduku, hawa wote wana mvua moja na kava nne tofauti.

---

MpandaVilima

Sawa, hapo kwa zulia umenishika.

---

KivuMpakaOulu

Salamu kwenu wote. Mimi natoka Bukavu, sasa niko Oulu, kaskazini mwa Finland. Huku watu wanaendesha baiskeli majira yote, watoto wanaenda shule nazo theluji ikiwa magotini. Lile kongamano la kimataifa la waendesha baiskeli wa majira ya baridi lilianzia hapa kwetu mwaka 2013.

Yaya, yaani dada kwa Kiswahili cha kwetu, nataka nikupe moyo. Hali yenu ya Copenhagen ni mbaya kuliko yetu. Huku ikiwa hasi 15, kila kitu ni kikavu. Theluji ikikaa juu ya kiatu unaikung'uta, inaanguka, kwisha. Kwa hiyo sisi kava hatuna kazi nazo sana. Tunavaa buti kubwa. Nasisitiza kubwa, saizi moja juu ya ile ya kiangazi, ndani soksi moja nzuri ya sufu na soli ya manyoya iliyogandamizwa. Vidole lazima vicheze humo ndani. Mtu anayevaa soksi mbili katika kiatu kilichombana anazuia damu, na damu ndiyo hita yenyewe. Atakuwa na baridi kuliko mwenye soksi moja.

Kitu kingine ni pedeli. Za chuma zinavuta joto kupitia soli. Za plastiki zipo, za bei ya chini, zibadilishe kabla ya Desemba.

Kwenu ninyi nyuzi 2 na mvua ya upande, hapo ndipo shida. Na msisahau kwamba mwendesha baiskeli anajitengenezea upepo wake. Hewa ikiwa sifuri na wewe unakwenda kilomita 20 kwa saa, hata kama miti imetulia, ngozi inasikia kama hasi 5. Ikiwa hasi 10, inasikia kama hasi 18. Miguu ndiyo inatangulia kwenye upepo huo, na vidole vyenyewe havifanyi kazi yoyote. Kazi inafanywa na mapaja.

---

MamaWaZamuYaUsiku

Naomba niingie kidogo, mimi ni nesi, niko Leicester.

Aliyosema huyu wa Oulu ni kweli na sababu yake ni hii: kifua na tumbo vikipata baridi, mwili unabana mishipa ya mikononi na miguuni ili joto libaki kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana unaweza kuwa na kava za bei mbaya na vidole vikafa ganzi, kwa sababu fulana imelowa jasho au shingo iko wazi. Mwanangu MtotoWaMakorora, funika magoti na vifundo vizuri. Pale kwenye kifundo mishipa iko karibu sana na ngozi, na ndipo watu wanapoacha nafasi kati ya soksi fupi na suruali.

Halafu nakuuliza: vidole vikipata joto jioni, vinawasha? Vinavimba, vinauma kama vimeungua? Kwenye vitabu wanaandika vinakuwa vyekundu, lakini kwa ngozi yetu unaweza kuona zambarau au weusi kuzidi kawaida, kwa hiyo watu wetu wanachelewa kutambua. Ukiona hivyo usiviweke kwenye hita wala kwenye maji ya moto. Vua soksi mbichi, kausha, vaa kavu, viache virudi taratibu. Usijikune. Vikiendelea wiki kadhaa au vikitoa vidonda, nenda kwa daktari.

Na mwenye sikoseli anisikilize. Baridi ni moja ya vitu vinavyoweza kuamsha maumivu makali ya mifupa, kwa hiyo kulowa miguu si jambo la kuvumilia kishujaa. Mwenye kisukari ambaye miguu imepoteza hisia naye asitumie vile vipakiti vya kutoa joto, ataungua asijue.

---

MtotoWaMakorora

Shikamoo mama. Ndiyo, vinawasha, hasa kidole kidogo cha kushoto. Na mimi nilikuwa naweka miguu juu ya hita kila jioni nikidhani najitibu. Nimeacha leo.

---

MamaWaZamuYaUsiku

Marahaba mwanangu. Kama ni kuwasha tu bila vidonda, utapona ukikaa mkavu. Viatu pia visikubane.

---

KijanaWaLimuru

Hehe nyinyi watu wa majuu mnafanya mambo kuwa ngumu. Mimi ni bodaboda hapa Limuru, Julai saa kumi na moja asubuhi ukungu ni mzito hadi huoni mkono wako. Tunavaa gambuti, ndani soksi ya sufu ya mtumba. Mvua ikitupata bila gambuti, mfuko wa mkate juu ya soksi, halafu kiatu. Mifuko ya dukani ilipigwa marufuku 2017 lakini ya mkate ipo. Inafanya kazi.

---

NyangumiWaMzizima

Basi dada ajivalie yale ya buluu ya kazini ndani ya raba, uzi ufungwe twende tukalale.

---

FundiSpoku

Mnacheka lakini mfuko ndani ya kiatu ni dawa ya kweli ya dharura, hasa kwa upepo. Shida yake ni jasho. Safari ya nusu saa sawa, siku nzima hapana, soksi inakuwa mbichi kutoka ndani na baridi inaanza upya. Kama utafanya hivyo, fanya kwa ajili ya kurudi nyumbani. Na vile vya buluu usivivae juu ya kiatu ukiwa barabarani, vinateleza kwenye pedeli iliyolowa mpaka utaacha meno kwenye usukani.

Gambuti je? Kwa pikipiki sawa, mguu umetulia. Kwa baiskeli kifundo kinakunja na kukunjua muda wote, ukingo wa juu unakuchubua na maji yanaingilia hapo hapo. Wapo Waholanzi wanaoendesha nazo mwendo mfupi, hasa watoto.

Dada, ukienda dukani nenda na raba zako zenyewe, zile pana kabisa unazovaa na soksi nene. Kava zinauzwa kwa makundi ya saizi, mfano 40 hadi 42, na hizo namba zimekusudiwa viatu vyembamba vya michezo. Raba yenye soli nene ni kubwa kuliko namba yake. Vaa, simama, kunja goti mpaka juu kama unapiga pedeli. Ikivutika na kufunua kisigino, panda saizi. Lakini isiwe kubwa hadi itokeze pembeni, maana itakuwa inasuguana na mkono wa pedeli upande wa ndani na ndani ya msimu mmoja itatoboka hapo.

Angalia pia mbele, chini ya vidole. Ndipo zinapokufa, kwa sababu ndipo unapokanyaga ukisimama kwenye taa. Pafinye kwa kidole gumba. Kama ni kitambaa kile kile cha juu bila kiraka kigumu, irudishe kwenye ndoano.

Aina nilizoziona zikidumu kwa watu wa mjini ni VAUDE ya Wajerumani na Agu ya hapa Uholanzi. Huko kwenu kuna GripGrab, hao ni Wadenmark wenyewe na mvua yenu wanaijua. Supamaketi za Lidl nazo huleta vitu vya baiskeli kwa msimu, vya bei poa. Usidharau, ila fanya ule ukaguzi wa mishono.

---

KivuMpakaOulu

Nyongeza: chagua zenye kiakisi nyuma ya kisigino. Mguu unapanda na kushuka, dereva anatambua mara moja kwamba huyo ni mtu anaendesha baiskeli. Kiakisi kilichotulia mgongoni hakimwambii hivyo. Na Copenhagen Desemba jua halijachomoza mpaka saa mbili na nusu asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Asubuhi na jioni uko gizani.

---

MtotoWaMakorora

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Nimenunua zile pana, soli nzima, velkro nyuma, nyeusi zenye mstari wa kuakisi. Zilikuwa kwenye punguzo, krona 350. Raba yangu ni 39 lakini kava imenikaa vizuri ya 40 hadi 42, kama Fundi alivyosema. Na fundi wa kazini nimemwomba anifungie kile kipande cha dumu. Alinitazama kwanza, halafu akakata na cha baiskeli yake.

Ilivyo sasa: nafika mlangoni, nainama mara moja, velkro ya kulia krrr, ya kushoto krrr, navuta kisigino kwa nyuma, kava zinabaki kwenye zulia la nje zikiwa zimesimama zenyewe. Raba ndani ni kavu na safi. Navaa ya buluu juu yake au navua, kutegemea na nyumba. Kuna bibi mmoja ghorofa ya nne alikuwa ananikagua nyayo kabla hajanipa salamu, sasa ananifungulia mlango akiwa ameshaelekea jikoni.

Miguu bado si ya moto, nisiwadanganye. Kwenye mvua kubwa na upepo wa baharini vidole vinapoa. Ila soksi inabaki kavu mpaka chakula cha mchana, na kule kuwasha kumepungua sana. Nimenunua na soksi za sufu jozi kadhaa, moja inakaa kwenye begi kwa ajili ya kubadilisha mchana.

Malalamiko mawili. Kwanza jasho, jioni nikivua ndani kuna unyevu. Pili velkro imeanza kuachia, inanasa manyoya ya soksi na majani barabarani.

---

FundiSpoku

Unyevu wa ndani ni kawaida kwa kitambaa cha aina hiyo. Wakati wa chakula zigeuze nje ndani, uzitundike. Jioni pia, chumbani penye hewa. Usiziweke juu ya hita hata siku moja, gundi ya mishono inaachia na ile plastiki ya ndani inabanduka vipande vipande. Raba nazo zijaze magazeti yaliyokunjwakunjwa, badilisha baada ya saa moja au mbili yakishanyonya.

Velkro: chukua mswaki wa zamani, sugua upande wenye ndoano mpaka manyoya yatoke. Ukizihifadhi au kuzifua, zifunge kwanza.

Na chumvi. Wakianza kumwaga chumvi barabarani ya kuyeyusha barafu, na Copenhagen wanasafisha njia za baiskeli mapema sana, kila jioni zisuuze kwa maji ya uvuguvugu. Chumvi inakausha velkro na kula zipu. Kwa wale wenye kava za zipu, sugua meno ya zipu na kipande cha mshumaa au sabuni ya mche, itateleza.

---

MpandaVilima

Na vile vipakiti vya kutoa joto dada, kabla hujajaribu: vile vya mkononi ukiviweka ndani ya kiatu halafu kava juu, vinazima. Ndani kuna unga wa chuma unaopata kutu haraka, na bila hewa hauwezi. Kuna vya miguu vimetengenezwa kwa mahali pasipo na hewa nyingi, nunua hivyo, na viwe juu ya vidole, nje ya soksi, visiguse ngozi.

---

MkulimaWaMakete

Nimefuata uzi kimya tangu mwanzo. Jamani Tanzania baridi ipo, msimsikilize huyo wa Mzizima. Huku Makete mwezi wa sita na wa saba tunaamka sakitu imefunika viazi, nyasi nyeupe kabisa. Mimi natoka na baiskeli saa kumi na mbili kwenda shamba, umande unalowesha mpaka magotini. Hizo kava naweza kuzipata Mbeya?

---

FundiSpoku

Kwa umande wa nyasi ndugu yangu hutaki kava za baiskeli, zitachanika wiki ya kwanza shambani. Tafuta kwenye mitumba zile gaiteri za wapanda milima, zinafunika kutoka kwenye kamba za kiatu mpaka chini ya goti, zina mkanda unaopita chini ya soli. Uvae na buti la ngozi lililopakwa mafuta. Angalia huo mkanda wa chini kama ni mzima, huwa unaliwa kwanza, ila fundi viatu yeyote anaweza kuubadilisha.

---

MkulimaWaMakete

Hizo nimewahi kuziona mnadani, watu walikuwa wanazinunua kukata mifuko. Jumamosi nakwenda.

---

NyangumiWaMzizima

MkulimaWaMakete ukizipata mbili nichukulie moja. Natakiwa Njombe msibani mwezi wa saba na sina hata soksi.